Nyuso Mia na Sitini za Mguu wa Kushoto

Jumatatu mchana nilimwaga sanduku la nyuso za viatu juu ya meza yangu ili nizipange jozi jozi. Nikakuta za mguu wa kushoto mia moja na sitini, na ya mguu wa kulia hata ya dawa haikuwepo. Nikahesabu tena, nikidhani ni njaa inanichezea macho. Haikuwa njaa. Basi nikafanya walichofanya wote karakana nzima habari ilipowafikia: niligeuka nikamwangalia Shoto.

Shoto alikuwa mkataji wetu kwa miaka kumi na mmoja. Jina alilopewa na mama yake lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Kisu alikishika kwa kushoto, kijiko kwa kushoto, na ukimpa karatasi ya kusaini aliilaza upande mpaka ukadhani anataka kufutia meza. Tulimtania hivyo siku zote na yeye alicheka nasi. Saa ile hakuna aliyecheka. Mtu wa mkono wa kushoto kakata viatu vya mguu wa kushoto. Watu wakaona hesabu imejipiga yenyewe.

Tulikuwa na oda ya shule moja ya wasichana: kile kiatu cheusi chenye mkanda unaovuka juu ya mguu na kufungwa kwa bizimu upande wa nje. Uso ndiyo ile ngozi ya juu kabla haijakutanishwa na soli. Ngozi ina upande unaong'aa na upande wa ndani ulio kama blanketi, kwa hiyo uso ukishakatwa kwa mguu wa kushoto, huwezi kuupindua ukawa wa kulia. Ni wa kushoto mpaka kufa kwake. Nyuso themanini zilikuwa zimeharibika, na shule zilikuwa zinafunguliwa baada ya wiki mbili.

Mwenye karakana tulimwita Mama Soli. Hakupiga kelele. Alituita wote uani, akamuuliza Shoto nini kimetokea. Shoto akajibu kwamba amekata kama vibao vilivyosema, na kwamba vibao vyenyewe vina kasoro.

Vibao hivyo ndivyo tunavyolaza juu ya ngozi na kupitisha kisu pembeni yake. Vya zamani vilikuwa vya kadibodi, vimeota mafuta ya viganja vya Shoto, kimoja kwa kila namba: anakata, anakipindua, anakata tena. Asubuhi hiyohiyo vilikuwa vimetupwa, vikaja vipya vya plastiki, viwili kwa kila namba, kimoja kimeandikwa KUSHOTO na kingine KULIA. Aliyevileta alikuwa mume wa binti ya Mama Soli. Mama Soli alimwita Mkwe, na sisi wote tukamwita Mkwe, ingawa hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na binti wa kumwoza.

Mkwe aliposikia neno kasoro alikwenda ndani akarudi na vibao viwili, akavinyanyua juu, kimoja kila mkono, kama mtu anayeonyesha samaki aliowavua. Vilitazamana vizuri, mkanda wa huku na mkanda wa huku.

"Vimechongwa na mashine," alisema. "Mashine haina mkono wa kushoto."

Watu wakacheka. Shoto alianza kusema, sauti yake ikazama kwenye kicheko. Mimi nilicheka pia, tena kwa sauti, na nina sababu ya kulitaja hilo.

Sababu yenyewe ni kwamba mimi ni shoto. Nilizaliwa hivyo. Shangazi aliyenilea hakutaka kuliona. Kila jioni alinifunga mkono wa kushoto kwa kitambaa, akaufungia kiunoni mwangu, akaniwekea daftari mbele na kusimama nyuma yangu. Nilipofika darasa la tatu mkono wa kulia ulikuwa unaandika vizuri kuliko wa watoto wote. Shangazi akajisifu kwamba ameninyoosha. Nilipokuja kuomba kazi, Mama Soli alinipa kalamu niandike jina, akanitazama ninavyoandika, akasema mashoto anaye mmoja na anamtosha. Alikuwa anatania, nadhani. Lakini nilikuwa nahitaji kazi na sikutaka kupima utani wa mtu nisiyemjua. Miaka sita nilikagua jozi kwa mkono wa kulia, nikala kwa mkono wa kulia, na Shoto alipotaniwa nilikuwa wa kwanza kuonyesha meno.

Jumanne Mkwe alikuja na mgeni. Alikuwa kijana nadhifu mwenye kompyuta ya mkononi, waliyekutana kwenye semina. Akatuambia kwamba ubongo una nusu mbili. Nusu ya kushoto ni ya hesabu, vipimo, utaratibu. Nusu ya kulia ni ya rangi, nyimbo, ndoto. Kila mtu anatawaliwa na nusu moja, na matatizo ya kazini yanatoka kwa watu kuwekwa mahali pa nusu ambayo hawana. Kabla ya chai ya saa nne alikuwa ameshapata jina: Bwana Nusu.

Nilidhani Mama Soli atamtimua. Hakumtimua, alisikiliza mikono imemlala mapajani, na nikaelewa kwa nini. Marehemu mumewe alipigwa kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vilikufa, na maneno yakapotea, na daktari alimweleza Mama Soli kwamba ajali imetokea upande wa kushoto wa ubongo, ule unaoendesha mwili wa kulia na, kwa watu wengi, usemi. Hilo lilikuwa kweli na aliliona kwa macho yake, alilisha uji kweli hiyo miezi minane. Bwana Nusu alianza na kweli hiyohiyo, kisha akajenga juu yake ghorofa saba bila nguzo.

Alitupima mmoja mmoja. Alituambia tupishanishe vidole vya mikono miwili, akatazama dole gumba lipi liko juu. Akauliza kama tunapenda zaidi hesabu au nyimbo. Akauliza kama tunaota ndoto za rangi. Kisha akatupa tepe za kubandika kifuani: buluu kwa wa nusu ya kushoto, nyekundu kwa wa nusu ya kulia. Fundi wa gundi, ambaye tangu nimfahamu hajawahi kufika kazini kwa wakati hata siku ya mshahara, alipewa buluu, mtu wa ratiba. Shoto hakuambiwa apishanishe vidole. Bwana Nusu alimwona tu ameshika kalamu, akampa nyekundu. Mkono wa kushoto, akasema, unaendeshwa na nusu ya kulia, kwa hiyo huyu ni msanii, na msanii hakai kwenye vipimo.

Ilipofika zamu yangu niliandika majibu kwa mwandiko ule wa shangazi. Alitazama herufi zimesimama kama askari kwenye gwaride, akasema mimi ni buluu tupu, hana haja ya kuendelea. Kumbe mtu akikosea kwa ajabu namna hiyo, unaweza kuhisi umeponea chupuchupu badala ya kuhisi umetukanwa.

Mwisho wa siku Mkwe alitangaza. Mimi nahamia meza ya kukatia. Shoto anakwenda kupaka rangi na kung'arisha pamoja na mama mmoja aliyekuwa anatosha peke yake, na Ijumaa wataangalia kama kuna haja naye. Kila mtu alijua maana ya kuangalia Ijumaa. Shoto alivua aproni ya ngozi, akaikunja vizuri, akaniwekea mezani. Sikumtazama usoni.

Nilimshuku, nisidanganye. Usiku ule niliwaza kwamba kama ubongo haukumponza basi hasira imemponza: vibao vyake vimetupwa bila kuulizwa, akaamua kuikata ile ngozi kwa ukaidi. Niliona hilo linaingia akilini zaidi kuliko tepe.

Jumatano nikaanza kukata. Mkono wa kulia ulikuwa mzito, maana shangazi alinifundisha kalamu, hakunifundisha kisu. Nilifanya kama mtoto wa shule: kibao cha KUSHOTO, maandishi juu, nyuso kumi, kibao cha KULIA, maandishi juu, nyuso kumi. Kisha nikazipanga.

Zilikuwa ishirini za mguu wa kushoto.

Nilitazama mlangoni kabla ya kutazama kitu kingine chochote. Hakuna aliyekuwa karibu. Niliziweka nyuso kumi mbovu chini ya aproni, kwa sababu jambo la kwanza nililowaza ni kwamba shangazi alikuwa ameufunga mkono tu, na ushoto wangu umetoka kwa njia nyingine. Mwanamke mzima mwenye diploma, nimesimama na kisu, nimeanza kumwamini Bwana Nusu.

Kisha nikachukua kibao cha KULIA nikakilaza juu ya kile cha KUSHOTO, maandishi ya vyote viwili yakinitazama. Vililingana. Pembe kwa pembe, mkanda juu ya mkanda, tundu juu ya tundu. Weka kiganja cha kulia juu ya mgongo wa mkono wa kushoto uone kama dole gumba litaangukia dole gumba. Haliwezi. Vibao vya miguu miwili haviwezi kulingana hivyo. Mchongaji alikuwa amechonga umbo lilelile mara mbili, akaandika neno tofauti juu ya la pili.

Hapo nikakumbuka uani. Mkwe alivinyanyua viwili vikatazamana vizuri. Nikajaribu kuvinyanyua kama yeye, na ili vitazamane ilinibidi kimoja nikionyeshe mgongo. Siku ile maandishi ya KUSHOTO tuliyaona. Maandishi ya KULIA yalikuwa yamemtazama yeye.

Je, alijua? Au alivishika tu vilivyomkaa mkononi? Niliangalia kule ofisini kwake, nikamwona kupitia kioo anaongea na simu, ananitazama. Akaninyanyulia dole gumba. Nikamrudishia.

Dawa ilikuwa rahisi mno: pindua kibao cha KULIA, maandishi chini, kata. Nikafanya hivyo. Na kwa kuwa nilikuwa nimechelewa, wenzangu walipotoka kwenda kula nilihamishia kisu mkono wa kushoto. Sikuamua. Kisu kilihama chenyewe, na ngozi ikafunguka kama maji. Jioni nilikuwa na jozi arobaini kamili. Mama Soli alizipitisha mikononi moja moja, akasema, "Angalia mtu akikaa mahali pake," na Mkwe akasema, "Si nilikwambia, Mama?"

Mimi nikanyamaza. Nilikuwa nimekaa mahali pa mtu na pamenikaa vizuri.

Alhamisi asubuhi nilikuta juu ya meza yangu kisu ambacho si changu. Kilikuwa kimenolewa upande mmoja tu, upande ambao mkono wa kulia hauuhitaji. Nilikificha haraka. Sasa kuna mtu anajua, nikawaza, na anataka nijue kwamba anajua. Siku nzima nilichunguza watu. Mama wa rangi aliniuliza kama nimelala vizuri, nikamtazama mpaka akaenda zake. Fundi wa gundi alipiga mluzi, nikajiuliza kwa nini leo. Mchana nikashindwa, nikamfuata Shoto nyuma, mahali tunapoanika soli. Alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, vidole vyeusi kwa rangi.

Nilimuuliza anataka nini kwangu.

"Nitake nini, dada? Kile ulichokuwa unatumia kimenolewa kwa ajili ya kulia. Jana ulikuwa unakatia kushoto, kingekukwaruzia ngozi."

"Uliniona?"

"Nimekuona tangu mwaka wako wa kwanza. Ukishtuka, unadaka kwa kushoto. Mtu hadaki kwa mkono wa kuazima."

Miaka sita alikuwa anajua, na miaka sita nilikuwa nacheka mbele yake. Sikuwa na pa kuweka uso. Nikamwambia kuhusu vibao, haraka haraka, kama mtu anayerudisha kitu cha wizi. Hakushangaa. Alisema aliliona kosa kwenye uso wa tano wa kulia. Alimwita Mkwe, akamwonyesha. Mkwe akamwambia afuate maandishi, asifuate mkono wake.

"Nikafuata," alisema Shoto. "Zote zilizobaki."

"Ungeweza kupindua tu kibao."

"Ningeweza."

Alikuwa anasugua rangi kwenye ukucha, haitoki. Basi shuku yangu ya ukaidi haikuwa ya bure kabisa. Nilingoja aniombe nikamsemee. Hakuniomba. Aliniuliza kama dirisha la pale kwenye meza ya kukatia bado linaingiza upepo na kupeperusha karatasi, nikasema ndiyo, akasema niwe naweka jiwe.

Ijumaa Mama Soli alikuja mapema, na Mkwe, na Bwana Nusu aliyekuja kuona matunda ya kazi yake. Walisimama mezani kwangu wakisifia. Shoto aliitwa, akasimama mlangoni na mfuko wake begani tayari. Nilikuwa nimepanga hotuba usiku kucha. Ilipofika saa yenyewe nilichukua vibao viwili, maandishi juu, nikavilaza kimoja juu ya kingine, nikamsogezea Mama Soli.

Alizungusha kidole kwenye ukingo wote taratibu. Mwanamke aliyeshona viatu miaka thelathini hahitaji kuelezwa. Alifika mwisho, akaanza tena, akamtazama Mkwe.

Mkwe alisema ni kosa la mchongaji. Alisema hakuambiwa. Shoto, pale mlangoni, akasema Mkwe aliambiwa, na saa ngapi, na alikuwa ameshika nini mkononi. Kikombe cha chai, akasema, kile chenye mkono uliovunjika. Mkwe akasema hakumbuki. Kisha akanigeukia mimi, macho yamekuwa membamba, akauliza nani kanifundisha kuviweka hivyo, maana Jumatano yote sikusema kitu.

Bwana Nusu ndiye aliyeniokoa, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Alisema wasinilaumu, hii ndiyo nusu ya kushoto ikifanya kazi: imechambua, imepima, imegundua. Msanii asingeona hili hata kwa mwaka. Mama Soli akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayeelewa. Nikamwona Shoto anahamisha mfuko kutoka bega moja kwenda lingine.

Basi nikatoa kile kisu chake. Nikatandaza kipande cha ngozi, nikalaza kibao, nikakata uso mzima kwa mkono wa kushoto, bila kuinua kisu, kutoka kisigino mpaka kwenye tundu la bizimu. Nikaupindua mkono wasidhani ni kiini macho.

"Mimi ni shoto," nilisema. "Nimezaliwa hivi. Shangazi yangu aliufunga mkono. Ubongo hakuufikia."

Bwana Nusu alijikuna sikio. Akasema wapo watu adimu ambao nusu zote mbili… Nikamuuliza akifunga kamba za viatu vyake ni nusu ipi inayofunga. Akasema zote. Akipiga hesabu ya nauli? Zote, lakini… Nikamwambia aikamilishe hiyo lakini, tunamsubiri. Alianza kufunga kompyuta yake.

Mama Soli alikuwa hamtazami yeye wala Mkwe. Alikuwa ananitazama mimi.

"Miaka sita," alisema. "Kila siku unanipa mkono wa kulia asubuhi."

"Uliniambia mashoto anakutosha mmoja, Mama."

"Nilisema lini?"

Hakukumbuka, na nilimwamini kwamba hakumbuki, na hilo ndilo liliniuma kuliko kama angekumbuka. Alimwambia Shoto atundike mfuko wake. Alimwambia Mkwe wataongea nyumbani, mbele ya mke wake. Mimi nilirudishwa kwenye meza ya jozi, na Jumatatu iliyofuata Mama Soli alileta kiti chake akakaa pembeni yangu.

Hakusema kwa nini. Kila jozi niliyoipitisha aliichukua, akaipima tena, akaiweka upande wake. Kama niliweza kuficha mkono, niliweza kuficha kingine, sikumlaumu. Sasa nilikuwa nafanya kazi kwa mkono wangu wenyewe na nilikuwa mwepesi mara mbili, na hata wepesi huo aliuangalia kwa jicho la pembeni. Siku ya kwanza hakupata kosa. Ya pili hakupata. Ya tatu Shoto alipita na ngozi begani akaniuliza kama nimepewa mlinzi au nimewekwa ndani, nikacheka, tukapiga soga kidogo kuhusu mvua.

Siku hiyo Mama Soli alipata. Kiatu cha kushoto namba thelathini na tano, cha kulia thelathini na nne. Jozi niliyoipitisha mimi, mkaguzi wa miaka sita. Alivisimamisha mezani sambamba, kimoja kirefu kuliko mwenzake kwa upana wa ukucha. Akautazama mkono wangu wa kushoto. Niliuacha palepale ulipokuwa, juu ya meza. Kisha akainua macho.

"Hapa ilikuwaje?"

"Nilikuwa naongea na Shoto, Mama."

Alitafuta kwenye rundo mpaka akapata thelathini na tano ya kulia, akaikutanisha na mwenzake, akaisukuma kwenye sanduku.

"Basi usiongee," alisema, akanyoosha mkono kupokea jozi nyingine.